Usilidharau Chaguo la Mwisho

Mtahiniwa mpenzi, matokeo ya KCSE yakishatangazwa kuna kazi moja ambayo hakuna mwalimu atakayekusahihishia: kujaza machaguo ya kozi katika tovuti ya KUCCPS. Wengi huifanya kwa dakika kumi, kwenye saiba, foleni ikiwahimiza nyuma.

Miaka michache iliyopita nilimfundisha kijana aliyepata wastani wa B. Tangu Kidato cha Kwanza tulimwita daktari, nami nikiwemo. Akajaza udaktari katika nafasi zote, akibadilisha vyuo tu. Mfumo ulimkubalia, kwa kuwa Bayolojia, Kemia na masomo mengine yaliyohitajika alikuwa amepata B. Akakosa kila mahali. Alipoomba tena katika awamu ya pili, nafasi za uuguzi ambazo zingemfaa zilikuwa zimejaa. Mwaka huo aliumaliza nyumbani.

Alidhani kuruhusiwa kuomba ni kuchaguliwa. Kiwango cha chini hukufungulia mlango tu. Kinachoamua ni pointi zako za klasta, zinazohesabiwa juu ya 48, zikilinganishwa na za wenzako wanaoitaka kozi hiyo hiyo. Tovuti huonyesha pointi za mwanafunzi wa mwisho kuchukuliwa katika miaka iliyotangulia. Hupanda na kushuka, ndiyo, lakini ukiwa chini kwa pointi tano usijidanganye.

Rai yangu ni hii: nafasi ya kwanza iwe ya ndoto. Zinazofuata ziwe za kozi zinazolingana na pointi zako. Kozi ile ile huweza kuhitaji pointi chache zaidi katika chuo kingine. Ya mwisho iwe kozi ambayo pointi zako zinaizidi waziwazi. Hiyo ndiyo watu huijaza ovyo, kisha barua ikija wanalia. Jiulize: nikiitwa huku tu, nitafunga sanduku niende? Kama huendi, ifute. Mpenda tiba na atazame kwanza diploma ya utabibu ya KMTC, inayohitaji wastani wa C, kabla ya kuandika shahada asiyojua hata inafundisha nini. (Mzazi uliyekinunua kitabu hiki, diploma si aibu ya ukoo.)

Andika orodha yako leo kwa penseli, nyuma ya daftari. Matokeo yakitoka, chukua kifutio, ukae na mwalimu wako kabla hujaenda saiba.