Kuiona Bustani si Kuisoma

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Hata hivyo, jicho lisiloongozwa na elimu huweza kukitazama kitu mchana kutwa lisikione. Ukweli huu unajitokeza bayana jijini Tokyo, katika bustani ya kale iitwayo Rikugien.

Mgeni aendaye huko aghalabu hushukia stesheni ya Komagome, kwenye reli ya Yamanote inayouzunguka moyo wa jiji hilo. Nje ya stesheni kuna magari, maduka na watu wenye haraka zao. Baada ya mwendo wa dakika chache, anafika kwenye ukuta wa matofali mekundu. Akishalivuka lango, anakuta ziwa lenye kisiwa, misonobari, vijia na vilima vilivyoinuliwa kwa mikono ya watu. Juu ya miti yanaonekana majengo ya ghorofa, yakimkumbusha kuwa hajatoka jijini. Majira ya machipuko, umati hufurika kuutazama mcheri mkubwa wenye matawi yanayoning'inia; majira ya majani kupukutika, umati hurudi kutazama majani yaliyogeuka mekundu. Watu hupiga picha, hunywa chai, kisha hushika njia wakaenda zao. Wengi wao huwa wameiona bustani bila kuisoma.

Rikugien ilijengwa iwe diwani. Mwasisi wake, Yanagisawa Yoshiyasu, alikuwa mwandani wa Tokugawa Tsunayoshi, shogun wa tano wa ukoo wake, yaani mtawala wa kijeshi. Alitunukiwa ardhi hiyo mwaka wa 1695, na bustani ikakamilika mwaka wa 1702. Jina Rikugien lina maana ya bustani ya kanuni sita. Kanuni zenyewe ni za utunzi: zilichipuka katika elimu ya ushairi ya Uchina ya kale, zikaingizwa katika nadharia ya waka, shairi fupi la Kijapani lenye mizani 31 zilizopangwa kwa vipande vya 5, 7, 5, 7 na 7. Yoshiyasu aliteua mandhari 88, akitegemea hasa ushairi wa jadi wa diwani kama vile Man'yoshu ya karne ya 8 na Kokinshu ya mwanzoni mwa karne ya 10. Ghuba ya Wakanoura, iliyo mbali na Tokyo na iliyosifiwa na washairi kwa karne nyingi, ikaundwa upya kando ya ziwa hilo.

Mifano miwili yatosha. Kisiwani mna vilima viwili, Imoyama na Seyama. Katika lugha ya kale, imo lilikuwa neno la kumwita mwanamke mpendwa, na se neno la kumwita mwanamume. Asiyeyajua maneno hayo huona vichuguu viwili vyenye nyasi. Ayajuaye huona wapendanao. Vivyo hivyo, daraja la mawe mawili mapana huitwa Togetsukyo, daraja la kuvukia mwezi, jina lililotoka katika shairi la usiku wa mbalamwezi. Bila shairi hilo, daraja hubaki kuwa mawe ya kukanyaga.

Huenda wapo watakaodai kwamba uzuri hauhitaji mfasiri, na kwamba mkazi wa jiji aliyechoka anahitaji kivuli na utulivu tu. Hoja hii ina uzito, kwani pumziko ni haki ya kila mja. Lakini kivuli hupatikana katika bustani yoyote. Iwapo thamani ya Rikugien ni kivuli pekee, basi nafasi yake yaweza kuchukuliwa na bustani nyingine, na katika jiji ambalo ardhi yake ni ghali mno, kitu chenye mbadala hakina mtetezi imara.

Historia yenyewe ni shahidi. Mwaka wa 1878 bustani ilinunuliwa na Iwasaki Yataro, mwasisi wa Mitsubishi; mwaka wa 1938 ukoo wake ukaikabidhi kwa jiji. Ilinusurika tetemeko kuu la mwaka wa 1923 na mabomu ya vita vilivyoisha mwaka wa 1945. Mwaka wa 1953 ikatambuliwa na taifa kuwa mahali maalumu pa uzuri wa mandhari. Miti na maji vimelindwa. Hata hivyo, kati ya nguzo za mawe zilizotambulisha mandhari zile 88, zilizosalia ni 32. Nguzo ikipotea, shairi lake hupoteza anwani.

Kwa hivyo, uhifadhi wa bustani hauna budi kuandamana na ufundishaji wa mashairi yaliyoizaa. Kazi hii haiwezi kuachiwa vibao pekee. Walimu wawapeleke wanafunzi wao huko wakiwa na diwani mkononi, nao wageni wajifunze japo mashairi mawili matatu kabla ya kulivuka lango. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kuhesabu mizani hahitaji kusisitiziwa jambo hili. Anajua kwamba anayeisifu sauti ya mghani pasi na kuuelewa utenzi, amesikia nusu tu. Bustani nayo ina mghani wake, ambaye ni upepo katika misonobari. Lakini maneno ni ya mshairi, na yanastahili kusikika.