Studio ya simu si mchezo wa watoto

Kuna mwandishi anayedai kwamba muziki wa simu ni wa kujifunzia tu: programu-jalizi (plugins) za maana zitabaki kwenye kompyuta, na anayetaka kuwa mtayarishaji akanunue moja.

Ainunue, halafu aichomeke wapi? Kingi, huku kwetu mashariki mwa Kongo, kama vijiji vingi vya Masisi na Walikale, si mahali pa umeme wa kubofya ukutani. Simu huchajiwa kwa paneli ya jua iliyoegeshwa juu ya bati. Kompyuta ya studio kwenye paneli hiyo haimalizi hata kurekodi kiitikio.

Dai lake bovu kuliko yote ni kwamba simu haina programu-jalizi za kweli. Alikuwa wapi? FL Studio Mobile, programu ya kutengenezea muziki kwenye simu, ipo tangu 2011. Apple iliruhusu programu-jalizi za AUv3 kwenye iPhone mwaka 2015. Steve Lacy alitengeneza mdundo wa “PRIDE.” wa Kendrick Lamar kwa iPhone, na albamu yenyewe, DAMN., ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 2018. Huo ndio muziki wa kujifunzia?

Kasoro ya kweli hata hakuigusa. Kwenye Android za bei nafuu, ndizo zilizojaa mikononi mwetu, unagusa ngoma na sauti inakuja imechelewa, mwimbaji anapotea.

Madini ya koltani ya Rubaya, hapa hapa Masisi, hutoa tantalamu ya vifaa vya elektroniki duniani kote. Kwa kuwa madini yetu yamo ndani ya vifaa hivyo, watengenezaji wa programu, tengenezeni pia kwa simu zetu za bei nafuu.