KOMPYUTA HAIJAFA, IMEKOSA MSARAGAMBO

Haya wadau, nimerudi. Najua nilipotea wiki kadhaa. Nilikuwa kwetu Same kwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo, na mambo ya mtandao kule milimani mnayajua wenyewe: ukitaka kutuma ujumbe unatafuta jiwe la kusimamia. Leo sitaandika habari za bumu wala foleni ya kantini. Nina dukuduku.

Shule niliyopangiwa sitaitaja. Siku ya kwanza mkuu wa shule alinikaribisha vizuri, akaniambia, "Mwalimu, kwa kuwa wewe ni kijana, utatusaidia somo la kompyuta Kidato cha Pili." Nikafurahi. Nikaomba ufunguo wa chumba cha kompyuta. Mwalimu wa stoo, mzee mmoja mpole sana, akacheka. "Shikamoo mzee," nikasema, "mbona unacheka?" "Marahaba mwanangu. Zipo kumi na mbili, inayowaka ni moja. Nyingine zimekufa, zinasubiri kufutwa."

Basi wiki mbili nzima nilifundisha kompyuta kwa chaki. Nilichora kibodi ubaoni, nikachora mausi, nikaeleza maana ya kubofya mara mbili. Mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ukibofya inatoa sauti gani?" Jamani, nilikosa jibu. Wakubwa mtakumbuka mwaka 2018 picha za mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto, aliyechora ukurasa mzima wa Microsoft Word ubaoni. Dunia ilimpongeza. Mimi nilijionea aibu, maana chumba cha jirani kulikuwa na mashine kumi na moja zimefunikwa kanga.

Nikaomba ruhusa kuzifungua. Makamu akakataa: "Hiyo ni mali ya serikali, ukiharibu nani atajibu?" Nikamwambia, mzee, si tayari zimeharibika? Ikachukua siku nne mpaka nikakubaliwa, kwa sharti kwamba mwalimu wa stoo akae nami na kila kitu kiandikwe kwenye daftari. Sharti zuri, tena lilinisaidia.

Sasa sikilizeni tulichokikuta. Same mjini na tambarare yake ni pakavu, milima inazuia mvua, na vumbi lake mnalijua kuanzia Makanya kwenye jasi mpaka stendi. Tulipofungua boksi la kwanza tulikuta vumbi kama blanketi. Kompyuta nne zilikuwa zinalia "piii, piii" bila picha. Tulichomoa RAM, tukasugua meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, tukapiga brashi nafasi yake, tukarudisha. Zote nne zikawaka! Mzee wa stoo alisimama kabisa.

Tatu nyingine zilikuwa zinawaka kisha zinaganda kwenye maandishi meupe, zikidai saa si sahihi, na tarehe imerudi miaka mingi nyuma. Hapo mgonjwa ni betri ndogo ya duara iliyo kwenye madabodi, CR2032 ya volti 3. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio umeme ukikatika. Nilinunua tatu kwa fundi saa mjini, shilingi 2,000 kila moja.

Zikabaki nne. Mbili hadi diski zimekufa. Moja pawa saplai imeungua, bila shaka kwa umeme wetu wa kupanda na kushuka. Moja ndiyo marehemu wa kweli: kapasita za madabodi zimevimba vichwa na kuvuja. Kwa kuwa zote ni za aina moja, marehemu akarithiwa. Pawa saplai yake ikaenda kwa aliyeungua, hadi diski yake ikaenda kwa mmoja wa wale wawili, na RAM yake ya GB 2 ikaongezwa kwenye ile iliyokuwa inajikokota. (Pawa saplai tuliihamisha nzima. Msiifungue ndani, inahifadhi umeme hata ukichomoa waya.)

Hesabu ya daftari: moja ya zamani, nne za vumbi, tatu za betri, mbili za urithi. Kumi zinawaka kati ya kumi na mbili. Gharama: betri 6,000, brashi 1,500, ufutio 500. Jumla shilingi 8,000. Wapare tunataniwa kwa ubahili, kwamba tunauza ng'ombe ili kushinda kesi ya mbuzi. Sasa ubahili wenyewe uko wapi, kama tunaacha kompyuta kumi na moja zife kwa kukosa elfu nane?

Msinione fundi sana. Kabla ya hapo nilikuwa nimetumia 35,000 za bumu kununua RAM huku chuoni, nikapanda nayo basi mpaka Same kifua mbele. Haikuingia. Nilinunua DDR4, madabodi ni ya DDR3, na pengo la katikati halilingani. Hakuna aliyewahi kunifundisha kusoma kibandiko kabla ya kununua. Na hapo ndipo dukuduku langu lilipo.

Sisi wanafunzi wa ualimu tunasoma kompyuta. Tunafundishwa kuandika barua, kutengeneza jedwali, kupamba slaidi. Hakuna hata saa moja ya kufungua boksi. Tunaambiwa mwalimu si fundi. Sawa, lakini mwalimu wa kemia si mfamasia, na bado anajua kuosha mirija yake.

Mababu zetu upareni walichimba ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji ya kumwagilia. Ndiva haikuachiwa ijae tope kisha watu wakalia kwamba imekufa. Palikuwa na msaragambo: kaya zinatoka, zinazoa tope, zinaziba nyufa, maji yanarudi. Kazi ya kutunza ilikuwa sehemu ya kuwa na ndiva. Kompyuta tumeipokea kama zawadi, tukapiga picha na mgeni rasmi, hakuna aliyeuliza tope litazolewa na nani.

Na si jambo la jana. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya mahesabu ya serikali kuvurugika. Lawama ilibebwa na mashine, na nchi ikachelewa. Nasi shuleni tunafanya vilevile kwa udogo wake: tunafunga mlango na kufunika kanga.

Wapo watakaosema mashine hizo ni za kizamani. Ni kweli kwa kiasi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya ambazo za kwetu hazina. Lakini Linux nyepesi inaendesha mashine hizo bila kinyongo, na bure. Na msidhani Linux ni mambo ya Wazungu tu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Halafu ukibadili hadi diski ya kuzunguka ukaweka SSD, mashine ya zamani inaamka kama imepakwa tangawizi ya Mamba. Hiyo ndiyo fedha ya kwanza ningeitumia, kabla ya kununua kompyuta mpya hata moja.

Ninachosema ni vitu vitatu. Anayetoa kompyuta kwa shule atoe na fedha ya matunzo. Vyuo vyetu vitupe japo wiki moja ya kufungua, kusafisha na kubadili vipuri. Na wakuu wa shule waruhusu mikono, kwa daftari na usimamizi, badala ya kulinda maiti.

Siku yangu ya mwisho wanafunzi walikaa wanne wanne kwa kila mashine. Yule aliyeniuliza alibofya mara mbili, akageuka: "Mwalimu, kumbe ni tik tik." Ndiyo mwanangu, ni tik tik.

Mzee wa stoo sasa ana brashi yake mwenyewe. Wanaoenda vitendoni mwakani, bebeni ufutio.

Nawakilisha.