Pasta, AI Haijawahi Kanyaga Sigowet

Wasee, tuambiane ukweli. Pasta anaandikia ChatGPT, "Nipe mahubiri kuhusu subira." Jumapili anatusomea habari ya mtu anayengoja treni ya chini ya ardhi. Treni gani, hapa Sigowet?

Shida si AI. Shida ni hiyo prompti. AI haijui nani amekaa kwa benchi. Wewe ndiye unafaa kujua. Iambie: hawa ni wachumaji chai, mashine zimekula kazi yao, na Mei 2023 watu wa Kericho walizichoma kwa hasira. Sasa uliza subira inamaanisha nini kwao. Ipe andiko lako, dakika zako, lugha ya nyumbani. Halafu fungua Biblia ukague kila mstari, maana hiyo kitu hubuni bila aibu. Na siri za waumini usiweke humo, hata moja.

Ukikosa cha kujaza, usiseme kompyuta imekushinda. Hujatembelea watu, ni hivyo tu. Mimi niliacha chuo, lakini hili halihitaji digrii: kwanza kunywa chai na mama aliyepoteza kazi. Prompti itajiandika.