Boti ya mawese si boti ya kwaya

Shule za Burundi zinapofungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi, ufukwe wa Tanganyika kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac hupata wageni wa aina yake. Hawa si watalii wa hotelini. Ni vijana wa parokia, wanakwaya, watoto wa shule ya Jumapili na akina mama wa jumuiya, watu waliochanga faranga kidogokidogo kwa miezi kadhaa ili wapate siku moja ya kutoka pamoja. Huko Kizuka na sehemu nyingine za Rumonge, kundi la namna hiyo hutambulika kwa mbali: sufuria kubwa, ngoma, mpira mmoja, madumu ya maji na katekista mwenye orodha ya michango mfukoni.

Wanasali kwanza. Wanacheza mpira mchangani, wanapika, wanaimba. Kisha, jua linapoanza kuegemea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, vijana wanaomba jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba: wapande boti, wazunguke kidogo, wapige picha.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapoingia. Boti iliyo tayari mwaloni mara nyingi si ya matembezi. Ni ya mbao, ina injini nyuma, na jana yake ilibeba madumu ya mawese, magunia ya ndagala au mizigo ya mchuuzi aliyetoka Kigoma. Mwenye boti anaona watu 40 wenye furaha na hela mkononi, na anakubali. Hakuna anayeuliza boti hiyo iliruhusiwa kubeba watu wangapi, wala jaketi za kujiokolea ziko wapi. Desturi hii ndiyo inayopaswa kukoma, na wanaoweza kuikomesha haraka kuliko serikali yoyote ni wafanyabiashara wenyewe.

Si kwamba matembezi haya yana ubaya. Kwa wachuuzi wa ufukweni ni siku ya soko iliyojileta yenyewe. Kundi la watu 60 linanunua mukeke, mkaa, ndizi, mafuta, soda na vitafunwa. Linakodi basi, na pengine turubai na viti. Mama anayekaanga samaki huuza kwa saa nne kile ambacho siku za kawaida kingemchukua siku tatu. Tena wageni wa mwaka huu ndio wateja wa mwaka ujao, na wengi hurudi nyumbani na dumu la mawese ya Rumonge, kwa kuwa sifa ya mafuta hayo imefika mbali.

Yapo pia mambo yasiyopimwa kwa faranga. Pwani hii ina kumbukumbu nzito. Machafuko ya Aprili 1972 yalianzia upande huu wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwemo, na mauaji yaliyofuata yalisukuma maelfu ya watu kuvuka kwenda Tanzania. Baadhi walizeeka Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 wa kizazi hicho na watoto wao, na wengine walirudi Burundi wakiwa na Kiswahili cha huko kinywani. Walipofika waliwakuta watu wengine kwenye mashamba yao, na kesi za ardhi zikafuata. Katika mazingira hayo, siku ambayo mtoto wa aliyerudi na mtoto wa aliyebaki wanakula chungu kimoja na kuimba sauti moja si jambo dogo.

Wala uhuru wa kukusanyika haukuwapo siku zote. Katika miaka ya 1980, chini ya Jean-Baptiste Bagaza, serikali ya Burundi ilibana shughuli za kanisa siku za kazi na kuzima mikutano ya jumuiya za waumini. Wazee wa parokia wanayakumbuka. Kwa hiyo anayependekeza leo kwamba dawa ya ajali ni kupiga marufuku matembezi, anapendekeza kuua kitu chema kwa sababu ya uzembe unaoweza kurekebishwa.

Ugumu wa kwanza uko kwenye kalenda. Likizo ndefu inaangukia kiangazi, na kiangazi ndio msimu wa upepo. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kulifuata ziwa, na ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 673. Upepo unaosafiri juu ya maji umbali kama huo hufika kaskazini, ilipo Burundi, ukiwa umekwisha kuinua mawimbi. Mvuvi anajua hivyo na hupanga safari zake. Kijana aliyetoka Gitega au Bururi anaona maji ya buluu tu. Kina cha ziwa hili kinafikia mita 1,470, na sehemu nyingi mteremko huanza karibu kabisa na ufukwe.

Hata anayebaki pwani anahitaji mwenyeji. Maji yalipopanda katika miaka ya karibuni yalimeza nyumba na vibanda vya ufukweni, kwa hiyo aliyekuja mara ya mwisho miaka 10 iliyopita asidhani anajua pale anapokanyaga. Viboko na mamba nao wapo. Gustave, yule mamba mkubwa aliyeogopwa kuanzia mdomo wa Rusizi hadi pwani ya Rumonge, amekuwa kama hadithi, lakini hadithi hiyo ilianza na watu waliouawa kweli wakiwa wanaoga au wanavua.

Ugumu wa pili ni mafuta. Kwa miaka kadhaa sasa Burundi imeishi na foleni za petroli. Basi la kukodi linapanda bei au halipatikani. Boti nayo inakunywa petroli ileile, na mwenye boti aliyeipata kwa shida anataka kila safari ilipe. Namna rahisi ya kulipisha safari moja ni kuongeza vichwa. Ndivyo boti ya watu 20 inavyobeba 40. Mara nyingi si ukatili wa mtu. Ni hesabu ya siku iliyofanywa bila kuweka uhai ndani ya hesabu hiyo.

Kanda hii imelipia hesabu hizo mara nyingi mno. Siku ya Krismasi ya 2016, boti iliyobeba timu ya kandanda ya kijiji na mashabiki wake ilipinduka Ziwa Albert, Uganda, wakiwa njiani kwenda kwenye mechi ya kirafiki. Takribani watu 30 walikufa. Novemba 24, 2018, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono. Ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake, na mamlaka zilisema haikuwa na leseni. Zaidi ya watu 30 hawakurudi. Miezi miwili kabla yake, Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kwa ajili ya watu 101, lakini waliokufa walizidi 220. Ilikuwa siku ya soko, na wengi walikuwa watu wa kuuza na kununua.

Tanganyika nayo haikusalimika. Desemba 2014 boti MV Mutambala ilizama upande wa Kongo na kuua zaidi ya watu 100. Na ili asiwepo wa kudhani kwamba safari za kanisa zina kinga ya peke yake, Kenya ina Mto Enziu. Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya Wakatoliki kwenda harusini huko Kitui lilijaribu kuvuka mto uliofurika, likasombwa. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa njiani kwenda harusini.

Katika matukio haya hapakuhitajika teknolojia ngeni ili mambo yawe tofauti. Palihitajika mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "hapana, hatuondoki," na watu wa kumsikiliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 duniani walikufa maji, karibu nusu yao wakiwa chini ya miaka 30. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kukumbusha kinga dhidi ya kufa maji. Kwa pwani ya Burundi tarehe hiyo imeangukia katikati kabisa ya msimu wa matembezi.

Jibu linalosikika mwaloni ni lile la siku zote: ajali haina kinga. Msemo huo unafariji msibani, lakini kabla ya safari ni kisingizio. Kwenye maji kinga ipo, ina mikanda miwili na inavaliwa kifuani. Wengine husema Mungu ndiye mlinzi. Hakuna mchungaji anayebisha, lakini mchungaji huyohuyo hufunga mlango wa kanisa kwa kufuli usiku ili vyombo vya kwaya visiibwe.

Jibu la pili lina uzito zaidi, nalo ni gharama. Mwenye boti ndogo akiambiwa anunue jaketi 30 kwa ajili ya siku chache za mwaka, ataona anaonewa. Lakini wafanyabiashara wa mipakani hawajawahi kungoja mtu mmoja awe na hela zote. Wana upatu, wana tontini, upande wa Kongo wana likelemba. Kwa njia hizo wamenunua injini, wamelipia mizigo na wamezikana. Njia hiyohiyo inaweza kununua jaketi 40 za mwalo mmoja, zikatunzwa na chama cha wenye boti au parokia, na kila kundi likalipa kiasi kidogo cha kuzikodi, kama linavyokodi viti na turubai. Zikimaliza siku ya matembezi, kesho yake zinamfaa mama anayevuka na mzigo wake wa vitenge.

Mengine hayagharimu kitu. Boti inayobeba watu ishushwe mizigo kwanza, maana dumu la mawese linaloteleza linaweza kuipindua boti kabla ya wimbi. Majina ya wanaopanda yaandikwe kwenye karatasi mbili, moja ibaki pwani kwa mtu asiyepanda. Katekista aliyeandika majina ya waliochanga hashindwi kuandika ya wanaosafiri. Safari za maji zifanyike asubuhi, kabla ya upepo wa mchana, na nahodha ndiye mwenye neno la mwisho hata kama kundi limekwisha kulipa. Aliyelewa asishike usukani. Watoto wanaoogelea wawe na watu wazima wawili wasioogelea, kazi yao kutazama tu. Na kabla ya mtu kuingia majini, waulizwe wavuvi wa hapo ni wapi pa kuoga na wapi pa kuepuka.

Serikali zina sehemu yake. Burundi ina mamlaka ya usafiri wa majini, bandari na reli. Tanzania ina TASAC, inayokagua na kuzipa leseni boti ndogo. Makao ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa mwaka 2003 kati ya Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, yapo Bujumbura. Desemba 2021 nchi hizo nne zilikubaliana juu ya hatua za pamoja za kulinda uvuvi, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Wafanyabiashara wa dagaa waliumia, lakini walielewa. Ikiwa samaki wa ziwa hili wanaweza kupewa kalenda yao, watu wanaopita juu yao wanastahili angalau kanuni moja ya jaketi na idadi ya abiria, inayofanana Rumonge, Kigoma, Uvira na Mpulungu. Boti inayokaguliwa upande mmoja na kusahauliwa upande wa pili haijakaguliwa.

Kungoja kanuni hiyo, hata hivyo, ni kuchelewa. Msimu unakuja kila mwaka bila kungoja saini. Na mfanyabiashara ana sababu yake mwenyewe ya kuharakisha. Boti moja ikizama na watoto wa kanisa, amri ya kusimamisha safari haitachagua kati ya mzembe na mwangalifu. Mwalo mzima utafungwa, pamoja na wale ambao mzigo wao ulikuwa unaoza juani. Makundi hayatarudi mwaka unaofuata, wala wanunuzi wao wa mukeke.

Kinyume chake nacho ni kweli. Mwalo utakaojulikana kwamba una jaketi, una orodha na una manahodha wanaokataa kujaza, utakuwa chaguo la kwanza la kila padri na mchungaji anayepanga siku ya kuwatoa vijana wake. Wafanyabiashara wa Rumonge wanajua thamani ya jina zuri, kwa kuwa mawese yao yanauzwa kwa jina. Kazi ya kulijenga jina hilo majini inaweza kuanza kabla ya likizo ijayo, katika kikao kimoja cha wenye boti na wazee wa kanisa, kukiwa na daftari la michango mezani.