Congo-Mashariki: Misaada ikikatwa, nani anabaki na funguo za orodha za manusura?

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mnamo Januari 2025, mashirika mengi ya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini yanapunguza matumizi. Mishahara, magari na kodi ya ofisi ndivyo vilivyoguswa kwanza. Sasa inafika zamu ya matumizi ambayo watu hawayazungumzii sana: ada ya kila mwezi ya programu ambamo timu hupanga kazi, huandikiana na kuhifadhi mafaili.

Kwa mhasibu, uamuzi ni mwepesi. Trello, Slack, Jira na Confluence zote zina mpango wa bure. Lakini shirika linaloacha kulipa halipotezi nafasi ya kuhifadhi peke yake. Linaweza pia kupoteza uwezo wa kuamua nani aone nini. Na katika eneo ambamo jina likionekana na mtu asiyefaa linaweza kumgharimu mwenyewe maisha, hilo si jambo la kuachiwa fundi wa kompyuta.

Mapigo mawili kwa wakati mmoja

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 waliingia Goma. Katikati ya Februari, Bukavu nayo ikaanguka. Benki za Goma zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na wafanyakazi wengi wa mashirika wakatawanyika: wengine walikwenda Kinshasa au Beni, wengine wakavuka mipaka.

Wakati huohuo pesa zilikuwa zinakatika. Tarehe 10 Machi 2025, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa.

Mapigo hayo yakikutana, matokeo yake huonekana hata ndani ya kompyuta. Wafanyakazi wameachishwa kazi, lakini akaunti zao bado ziko wazi. Msimamizi mkuu wa programu yuko mbali. Kadi ya benki iliyokuwa inalipa ada haifanyi kazi tena, na programu inaweza kurudi yenyewe kwenye mpango wa bure bila mtu kukaa chini na kuamua.

Kampuni zinauza kufuli

Mpango wa bure hutengenezwa kwa ajili ya vikundi vidogo ambavyo watu wake wanaaminiana. Uwezo wa kugawa ruhusa, yaani huyu asome tu, yule aandike, mwingine asione kabisa, ni miongoni mwa vitu ambavyo kampuni huuza.

Kwenye Jira, kwa mfano, mpango wa bure una mwisho wa watumiaji 10, na msimamizi hawezi kupanga upya ruhusa za miradi. Anayetaka kufanya hivyo lazima alipie. Trello nayo, tangu mwaka 2024, imeweka mwisho wa washiriki 10 kwa kila eneo la kazi la bure. Idadi ikizidi hapo, mbao za kazi hubaki za kusomwa tu. Kwenye Slack ya bure, ujumbe unaoonekana ni wa siku 90 za mwisho, na tangu Agosti 2024 kampuni hufuta ujumbe na mafaili yaliyopita mwaka mmoja.

Chukua mfano wa shirika lenye watu 25 linalosaidia wanawake waliobakwa. Kwenye mpango wa kulipia, mshauri wa kisaikolojia na mwanasheria ndio wanaoona majina. Dereva na mlinzi wa bohari wanaona ratiba tu. Likishuka kwenye mpango wa bure, linapaswa kuwaondoa watu 15. Kishawishi ni kutafuta njia ya mkato: watu watano kutumia nenosiri moja, au kuufanya ubao kuwa wa hadharani ili kila mwenye kiungo aufungue. Njia ya kwanza inaficha nani alifungua faili gani. Ya pili inaweka majina mbele ya dunia nzima.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mnamo Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wamezifikia data za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa sababu ya vita. Ikiwa taasisi kubwa namna hiyo iliingiliwa, shirika dogo lenye nenosiri moja la watu watano lina kinga gani?

Kazi hufanywa kabla ya kuacha kulipa

Jambo la msingi ni utaratibu. Ruhusa zipangwe wakati shirika bado lina mpango wa kulipia, kwa sababu baadaye vifaa vya kuzipanga vinaweza kuwa vimeondoka.

Kwanza, kila aliyeondoka afungiwe akaunti, na usimamizi ushikwe na watu wawili wanaotumia anwani za barua pepe za shirika, si zao binafsi. Pili, data zipakuliwe na kuwekwa kwenye diski iliyofungwa kwa nenosiri. Tatu, majina ya manusura yaondolewe kabisa, namba zichukue nafasi yake, na daftari la kulinganisha namba na majina litunzwe mahali pengine. Nne, viungo vya zamani na programu nyingine zilizounganishwa zikatwe. Mwishowe, baada ya kushuka, mtu aingie kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida na kuangalia anachokiona.

Jukumu ni la nani?

Sheria ya nchi iko. Kanuni ya mambo ya kidijitali, iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inamtaka anayekusanya data binafsi azilinde. Lakini katika miji iliyo mikononi mwa waasi, manusura atakwenda kumshitaki nani?

Wafadhili nao hawawezi kukaa kando. Wao ndio walioomba orodha, takwimu na ripoti, na bajeti zao ndizo zilizolipia programu. Mradi ukifungwa ghafla, pesa za kufunga milango ya data zinapaswa kuhesabiwa kama zinavyohesabiwa mishahara ya mwisho.

Mama aliyetoa jina lake katika kambi au kituo cha afya hakuulizwa kama shirika litaendelea kulipa ada. Aliambiwa tu kwamba siri yake itatunzwa. Ahadi hiyo haina tarehe ya mwisho, hata kama mradi ulikuwa nayo.