Bakshishi Si Chai

Liko jambo moja katika masomo yetu ya mazungumzo ambalo limevumiliwa kwa muda mrefu mno, nasi twaona wakati umewadia wa kulipinga waziwazi. Katika mazungumzo ya kujifunzia yatungwayo na baadhi ya walimu wenzetu hapa Uganda, mteja aliyeagiza chakula kwa simu hukutana na mwendesha bodaboda langoni, humlipa, kisha humwongezea fedha kidogo akisema: "Haya, hii ya chai." Katika somo linalofuata askari wa barabarani humwambia dereva "toa chai" ili gari lake liachwe lipite. Neno ni lile lile, na mwanafunzi haelezwi lolote.

Wanaoyatetea mafunzo hayo hutujibu kwamba ndivyo watu wasemavyo Nairobi na Dar es Salaam, na kwamba mwalimu hana budi kufundisha lugha iliyo hai. Hatubishi kwamba ndivyo wasemavyo. Tunalobisha ni mwanafunzi kupewe neno hilo pekee, bila onyo, hali neno bakshishi lipo na latumika tangu zamani. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake huko ni kitu kilichotolewa kwa ukarimu. Bakshishi hufuata kazi. Hutolewa kwa hiari, na asiyeitoa hapotezi haki yake. Hongo hutangulia kazi, na asiyeitoa husubiri hadi jioni. Tofauti hiyo ndiyo maadili yenyewe ya jambo hili, na mtu hawezi kuieleza barabara ikiwa amenyang'anywa maneno ya kuielezea.

Tena mtoto wa Kampala haji darasani mikono mitupu. Kwa Kiganda anayo tayari maneno mawili: akasiimo, yaani kitu cha kumshukuru mtu aliyekutendea vyema, na enguzi, ambayo ni rushwa. Hata mtoto mdogo hayachanganyi. Je, twamfundisha Kiswahili ili apoteze alichokuwa nacho? Swali hili si dogo tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua, Julai 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Yako mashaka mengi juu ya Kiswahili nchini humu, mengine ya haki, mengine ya chuki tu. Tusiyaongeze kwa kuwafunza watoto kwamba katika lugha hii shukrani na rushwa ni kitu kimoja.

Wenzetu wakidhani twakuza mambo, na watazame historia ya neno hongo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ililipa hongo kwa watawala wa nchi za bara: nguo, shanga, waya wa shaba. Ulikuwa ushuru wa njia, uliolipwa mchana mbele ya watu wote. Leo hakuna awezaye kulitamka neno hilo kwa heshima. Takrima nayo ilikuwa ukarimu kwa wageni. Sheria ya uchaguzi ya Tanzania ikaja kuwaruhusu wagombea kuitoa kwa wapiga kura, hata mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa ni kinyume cha Katiba. Chai imekwisha kwenda njia hiyo hiyo, na hatudhani itarudi. Lililo katika uwezo wetu ni kuizuia isiikokote bakshishi nyuma yake.

Lipo kundi la pili, nalo latushambulia kutoka upande mwingine. Hao husema kwamba kumwongezea fedha mtu aliyekwisha kulipwa ni ugeni wa mahoteli, na Mwafrika hauzi wema wake. Ni maneno matamu, lakini si kweli. Mwanafunzi wa fundi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba. Hakuna aliyekiita rushwa, wala hakuna aliyekiita mshahara. Na hebu watazame kazi yenyewe ilivyo. Tarishi (ndilo jina la kale la mtumwa wa namna hii, nasi twalipenda) husubiri mlangoni mwa jiko mpaka kuku aive, hupanda kilima cha Muyenga katika mvua, petroli yake mwenyewe, pikipiki pengine ya mkopo, naye hulaumiwa yeye mchuzi ukipoa. Kuwa mwenye nyumba humpokea kwa mkono mmoja huku akizungumza na simu, hata "asante" asiitamke, kisha akatuambia kwamba anaulinda utu wa Mwafrika, hilo hatulikubali.

Hata hivyo bakshishi isifanywe mshahara. Huko Marekani, ambako desturi hii imekomaa hata ikaoza, kima cha chini cha taifa kwa mfanyakazi apokeaye bakshishi ni dola 2.13 kwa saa tangu mwaka 1991, ingawa majimbo kadhaa yameweka zaidi. Mwajiri huhesabu ukarimu wa mteja kuwa sehemu ya ujira anaodaiwa yeye. Februari 2021 kampuni ya Amazon ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 61.7 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo kuishtaki kwa kuzuia bakshishi za madereva waletao bidhaa majumbani. Na mwezi Novemba 2023 kampuni ya DoorDash, iletayo vyakula, ilianza kuwaonya baadhi ya wateja kwamba agizo lisilo na bakshishi huenda likachelewa. Tuyapime maneno hayo kwa kipimo tulichokwisha kukitaja. Fedha inayoombwa kabla ya kazi, na asiyeitoa husubiri: kwa Kiswahili hiyo yaitwaje?

Kwetu hali si afadhali. Kima cha chini kilichowekwa Uganda mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kukibadilisha na Rais akakataa kuutia sahihi. Wengi wa watu wa bodaboda hata hicho hakiwahusu, kwa kuwa huhesabiwa kuwa wanajitegemea. Shilingi elfu moja au mbili langoni haiondoi dhuluma hiyo, na mteja asijidanganye kwamba imeiondoa.

Twataka basi watungaji wa mazungumzo wayaandike upya. Chakula kifike kwanza. Mteja aipokee bahasha kwa mikono miwili, amwulize mletaji habari za njia, ampe bakshishi mkononi mwake na kuitaja kwa jina lake: kidogo siku ya jua, zaidi siku ya mvua, na zaidi tena ikiwa nyumba iko mlimani. Naye mletaji ajibu "nashukuru", wala asifanywe kuinama na kusema "shikamoo mzee" kwa kijana mwenzake, kama tulivyosoma mahali fulani. Katika somo la askari neno chai libaki kama lilivyo, na chini yake iandikwe kwa herufi nzito kwamba maana yake hapo ni rushwa.